Soko la Hewa Ukaa: Nguvu Iko Kwenye Kikomo

Tarehe 25 Septemba 2008, siku 10 baada ya benki ya Lehman Brothers kufilisika na kutikisa masoko ya dunia, majimbo 6 ya kaskazini-mashariki mwa Marekani yalifanya mnada wa aina yake. Bidhaa iliyonadiwa ilikuwa ruhusa: kila kibali kilimpa mwenye mtambo wa umeme haki ya kutoa tani 1 ya hewa ukaa. Vibali zaidi ya milioni 12.5 viliuzwa vyote, kila kimoja kwa dola 3.07. Kwa mara ya kwanza nchini Marekani, wenye mitambo walibanwa na sheria kulipia hewa ukaa ambayo kwa zaidi ya miaka 100 walikuwa wakiirusha angani bure.

Mpango huo wa kikanda, maarufu kwa herufi zake RGGI, ulianza rasmi Januari 1, 2009 ukiwa na majimbo 10, kuanzia Maine iliyopakana na Kanada hadi Maryland iliyo jirani na jiji la Washington. Tangu hapo umepita katika mdororo wa uchumi, marais wasiotaka kuusikia, magavana waliojitoa na kesi mahakamani. Umri huo unaufanya uwe mahali pazuri pa kulipima swali linalozigusa nchi nyingi: je, kuweka kikomo cha pamoja na kuuza vibali kwa mnada kunapunguza kweli hewa ukaa ya mitambo ya umeme? Na kama kunapunguza, nguvu hiyo inatoka wapi? Hoja yangu ni kwamba soko ni chombo tu. Kinachopunguza ni kikomo, na kikomo hakidumu bila imani ya wananchi wanaolipa bili za umeme.

Wazo na kuzaliwa kwake

Wazo la kuuza vibali vya uchafuzi lilianzia kwa wachumi wa miaka ya 1960. Thomas Crocker wa Marekani alilieleza mwaka 1966, na John Dales wa Kanada akalipanua katika kitabu alichokitoa mwaka 1968. Walichokiona ni kwamba serikali haiwezi kujua gharama ya kila kiwanda katika kupunguza uchafuzi, lakini mwenye kiwanda anaijua yake. Basi serikali ipange jumla ya uchafuzi unaoruhusiwa, kisha iwaachie wenye viwanda waamue nani apunguze na nani anunue kibali. Anayeweza kupunguza kwa gharama ndogo atapunguza zaidi na kuuza ziada yake. Ambaye kupunguza kunamgharimu sana atanunua. Jumla itabaki ileile.

Jaribio kubwa la kwanza lilikuwa la salfa. Mwaka 1990 Rais George H. W. Bush alisaini marekebisho ya Sheria ya Hewa Safi, na kuanzia 1995 mitambo ya makaa ya mawe ikawekewa kikomo cha kutoa gesi ya salfa iliyokuwa ikisababisha mvua ya asidi. Maziwa ya milima ya Adirondack, jimboni New York, yalikuwa yamepoteza samaki kwa sababu ya mvua hiyo. Salfa ilishuka haraka, na gharama ikawa ndogo kuliko wenye viwanda walivyohofu.

New York ilikuwa na sababu ya kuikumbuka faida hiyo. Mwaka 2001 Rais George W. Bush alipoukataa Mkataba wa Kyoto wa kupunguza hewa ukaa, majimbo yalielewa kuwa serikali kuu haitachukua hatua. Aprili 2003 Gavana George Pataki wa New York, aliyekuwa wa chama kimoja na Bush, aliwaandikia magavana wa majimbo jirani akiwaita kwenye mazungumzo. Desemba 2005 magavana 7 walisaini makubaliano. Massachusetts na Rhode Island, zilizojiengua kabla ya kusaini, zilirejea mwaka 2007, na Maryland ikajiunga mwaka huohuo. Leo, siasa za tabianchi zikiwa zimegawanyika kwa vyama, inafaa kukumbuka kwamba mpango huu uliasisiwa na gavana wa Republican.

Unavyofanya kazi

Mpango unahusu mitambo inayochoma makaa ya mawe, mafuta au gesi asilia yenye uwezo wa megawati 25 au zaidi. Hewa inayotoka dohani hupimwa na kumbukumbu zake kuwekwa hadharani. Mnada hufanyika mara 4 kwa mwaka, una bei ya chini ambayo vibali haviuzwi chini yake, na mnunuzi mmoja haruhusiwi kuomba zaidi ya robo ya vibali vinavyonadiwa. Kila baada ya kipindi cha miaka 3, mwenye mtambo hukabidhi vibali vinavyolingana na tani alizotoa. Akipungukiwa, hudaiwa vibali 3 kwa kila kimoja alichokosa. Akiwa na ziada, anaweza kuiweka kwa matumizi ya baadaye au kuiuza.

Kibali hubadilisha hesabu ya kila siku katika gridi. Mtambo wa makaa ya mawe hutoa takribani tani 1 ya hewa ukaa kwa kila megawati-saa ya umeme, na mtambo wa kisasa wa gesi hutoa chini ya nusu ya hiyo. Kibali kikiuzwa dola 20, gharama ya megawati-saa ya makaa huongezeka kwa dola 20 hivi, na ya gesi kwa chini ya dola 10. Bwawa, upepo, jua na nyuklia haviongezewi kitu. Kwa kuwa msimamizi wa gridi huwaita kwanza wenye umeme wa bei nafuu, kila dola inayoongezeka kwenye kibali huusogeza mtambo wa makaa nyuma kwenye foleni, hadi siku ambayo mwenyewe anaona hauna tena sababu ya kuwashwa.

Mchango mkubwa wa RGGI katika elimu ya masoko haya ni mnada wenyewe. Umoja wa Ulaya ulipoanzisha soko lake mwaka 2005, vibali vingi viligawiwa bure. Makampuni ya umeme yaliingiza thamani ya vibali hivyo kwenye bei ya umeme, yakavuna faida kwa kitu ambacho hayakukilipia. Majimbo ya kaskazini-mashariki yaliamua kuuza takribani asilimia 90 ya vibali. Kwa uamuzi huo fedha ziliingia kwenye mikono ya umma, na mjadala wote uliofuata ukazunguka fedha hizo.

Kikomo kilichokaa juu mno

Hata hivyo, miaka ya mwanzo ilikuwa dhaifu. Kikomo cha mwaka 2009 kilikuwa tani milioni 188, kikiwa kimepangwa kwa makadirio ya mwaka 2005 kwamba matumizi ya umeme yangeendelea kupanda. Mdororo wa uchumi ukapunguza matumizi. Wakati huohuo uchimbaji wa gesi ya miamba, hasa Pennsylvania, uliishusha bei ya gesi, na mitambo mingi ikaacha makaa na mafuta mazito kwa sababu za kibiashara tu. Kufikia 2012 kikomo kilikuwa tani milioni 165, baada ya New Jersey kujitoa, lakini hewa iliyotolewa kwa kweli ilikuwa takribani tani milioni 91.

Bei ya kibali ikaanguka hadi kwenye sakafu yake: dola 1.89 mwaka 2011 na dola 1.93 mwaka 2012. Soko lilikuwepo, minada iliitishwa, wanunuzi walijitokeza, na bado bei ya kibali haikumlazimisha mwenye mtambo yeyote kubadili mwenendo wake kwa kiasi cha maana. Hapo ndipo udhaifu wa kuliamini soko peke yake ulipoonekana wazi. Kikomo kilichozidi hali halisi ni kodi ndogo tu iliyopewa jina kubwa.

Kilichouokoa mpango ni kipengele kilichokuwemo tangu makubaliano ya kwanza: kukutana tena baada ya miaka kadhaa na kuupitia upya. Mwaka 2013 majimbo 9 yaliyobaki yalikubaliana kukishusha kikomo hadi tani milioni 91 kuanzia 2014, kisha kukipunguza kwa asilimia 2.5 kila mwaka hadi 2020. Yalikubaliana pia kuondoa hatua kwa hatua ziada ya vibali vya zamani iliyokuwa imelundikana. Mwaka 2017 yaliongeza punguzo la asilimia 30 kati ya 2020 na 2030. Julai 2025 majimbo ya mpango yalitangaza kikomo cha chini ya tani milioni 70 kwa mwaka 2027, kikishuka kwa kasi zaidi katika miaka inayofuata, na ratiba ikafikishwa hadi 2037.

Uamuzi wa 2013 ndio ninaouona kuwa mgumu na wa heshima kuliko yote katika historia ya mpango huu. Mwanasiasa hukubali kwa urahisi kikomo ambacho hakimgusi mtu. Kukishusha karibu nusu, ukijua kwamba bei itapanda na wapinzani watakunyooshea kidole, kunahitaji watu wanaoamini walichokisaini.

Bei husikiliza siasa

Mwenendo wa bei unafundisha zaidi. Agosti 2015 serikali ya Rais Barack Obama ilitangaza kanuni za taifa zima za kupunguza hewa ukaa ya mitambo ya umeme. Wanunuzi walitarajia vibali kuadimika, na mnada wa Desemba 2015 ukafika dola 7.50. Februari 2016 Mahakama Kuu ya Marekani ilizisimamisha kanuni hizo, kisha Donald Trump akaingia madarakani akiahidi kuzifuta. Juni 2017 kibali kiliuzwa dola 2.53. Ratiba ya kikomo cha majimbo ilikuwa ileile. Kilichobadilika kwa sehemu kubwa ni matarajio ya watu kuhusu kesho.

Baada ya makubaliano ya 2017, bei ilianza kupanda: dola 13 Desemba 2021, na zaidi ya dola 25 Septemba 2024. Majimbo yalikuwa yamejiandaa kwa mielekeo yote miwili. Bei ikipita kiwango fulani, akiba maalumu ya vibali hufunguliwa ili kuwapunguzia mzigo watumiaji. Ikishuka mno, sehemu ya vibali huzuiwa isiuzwe, ingawa Maine na New Hampshire hazikuingia katika utaratibu huo wa pili. Breki hizi mbili ni za maana kwa sababu soko la vibali limeumbwa na sheria, na kila anayelitazama anajua kwamba sheria inaweza kubadilishwa.

Kilichopungua, na sababu zake

Hewa ukaa ya mitambo ya umeme katika majimbo haya imepungua kwa takribani nusu tangu mwaka 2005. Mitambo mikubwa ya makaa imefungwa, ukiwemo Brayton Point wa Massachusetts, uliokuwa mkubwa kuliko yote ya makaa katika eneo la New England, uliozimwa mwaka 2017. Lakini kusema kwamba yote hayo ni kazi ya RGGI kungekuwa kuwadanganya wasomaji. Gesi ya bei rahisi, mdororo wa uchumi na sheria nyingine za majimbo za kukuza nishati jadidifu vilichangia sana.

Wachumi Brian Murray na Peter Maniloff walijaribu kuzitenganisha sababu hizo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Walikadiria kwamba bila mpango huu, hewa ukaa ya mitambo ya eneo hilo ingekuwa juu kwa asilimia 24 hivi. Huo ni mchango mkubwa kwa mpango uliokuwa na bei ndogo kiasi kile, na unaonyesha kwamba dalili ya mwelekeo pamoja na matumizi ya fedha za mnada vinaweza kusukuma mambo mbele ya bei yenyewe.

Kuna mambo mawili yanayopunguza sifa hiyo. La kwanza ni hewa kuhamia kwa jirani. Umeme hauheshimu mpaka wa jimbo. Mtambo wa New York ukipunguza kazi kwa sababu ya gharama ya kibali, gridi inaweza kuvuta umeme kutoka Pennsylvania au Ohio, ambako hakuna kibali kinachohitajika. Harrison Fell na Maniloff walionyesha katika utafiti wa mwaka 2018 kwamba jambo hili lilitokea, ingawa kwa kuwa jirani aliongeza zaidi umeme wa gesi, jumla ya hewa ukaa bado ilipungua. California, iliyoanza soko lake mwaka 2013, ililiona tatizo hili mapema na kuhesabu pia hewa ukaa ya umeme unaoagizwa kutoka nje ya jimbo. RGGI haikufanya hivyo, na hilo ni tundu lililobaki wazi tangu mwanzo.

La pili ni kwamba kikomo hakichagui. Aprili 2021 kituo cha nyuklia cha Indian Point, kaskazini mwa jiji la New York, kilifungwa. Kilikuwa hakihitaji kibali hata kimoja. Sehemu kubwa ya umeme wake ilizibwa na mitambo ya gesi, na hewa ukaa ya jimbo ikapanda. Vivyo hivyo, kikomo cha kanda hakimwahidi mkazi wa South Bronx, jijini New York, kwamba mtambo ulio jirani na nyumba yake ndio utakaozimwa kwanza. Kwa ujumla afya imefaidika: uchambuzi wa kampuni ya utafiti ya Abt Associates wa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kati ya vifo 300 na 830 vya mapema viliepushwa kati ya 2009 na 2014. Lakini wastani wa kanda haumtoshi mzazi mwenye mtoto wa pumu. Wanaharakati wa mitaa ya maskini wana haki ya kudai sheria za ziada zinazolinda maeneo yao, na kudai hivyo si kuupinga mpango.

Mali na daftari

Minada imeingiza zaidi ya dola bilioni 7. Sehemu kubwa imekwenda kwenye kuziba nyufa za baridi na joto majumbani, kubadili vifaa vinavyokula umeme, kuwekeza kwenye nishati safi na kuwapunguzia bili watu wa kipato cha chini. Nyumba inayotumia umeme mdogo hupunguza hewa ukaa mara ya pili, kwa hiyo fedha hizi hufanya kazi ambayo bei ya kibali peke yake isingeifanya.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mwaka 2009 New York ilichukua dola milioni 90 za mnada kuziba pengo la bajeti. Mwaka 2010 New Jersey ilichukua dola milioni 65 kwa sababu ileile. Kila fedha hizi zinapoonekana zimemezwa na hazina, mpinzani hupata neno la kuupiga mpango: kwamba ni kodi iliyofichwa. Na mwananchi aliyeahidiwa nyumba yenye joto la kutosha wakati wa baridi hana sababu ya kumbishia.

Virginia ilichukua njia nyingine ilipojiunga mwaka 2021. Sheria ilitenga asilimia 45 ya mapato kwa kujikinga na mafuriko na asilimia 50 kwa kuboresha nyumba za wenye kipato kidogo. Katika jimbo ambalo mji wake wa Norfolk huvamiwa na maji ya bahari hata siku isiyo na dhoruba, mgao huo ulieleweka kwa kila mtu.

Mlango wa kuingia na wa kutoka

Hata hivyo Gavana Glenn Youngkin aliitoa Virginia mwishoni mwa 2023, akisema gharama inawaangukia watumiaji wa umeme. Novemba 2024 jaji wa jimbo hilo aliamua kwamba kujitoa huko kulivunja sheria, kwa kuwa kilichowekwa na bunge hakiwezi kufutwa na bodi iliyo chini ya gavana. Gavana Chris Christie wa New Jersey alilitoa jimbo lake mwishoni mwa 2011. Mwaka 2014 mahakama ilisema utaratibu haukufuatwa, na jimbo lilirejea mwaka 2020 chini ya Gavana Phil Murphy. Pennsylvania, mzalishaji mkubwa wa umeme ambaye kuingia kwake kungeziba sehemu kubwa ya lile tundu la umeme wa jirani, iliingizwa kwa kanuni za Gavana Tom Wolf bila sheria ya bunge. Mahakama ya jimbo iliamua mwaka 2023 kwamba huo ulikuwa utozaji kodi usio na idhini ya bunge, na mwaka 2025 jimbo likaachana na jambo hilo katika makubaliano ya bajeti.

Ukizipanga kesi hizi pamoja, fundisho linajitokeza. Jimbo linaloingia kwa amri ya gavana linaweza kuzuiwa kabla halijaanza. Jimbo linaloingia kwa sheria ya bunge linaweza kutolewa na gavana mpya, lakini sheria humpa mwananchi mahali pa kudai mahakamani na njia ya kurudi. Ushawishi wa bungeni huchelewesha mambo, na wenye haraka ya kuokoa hali ya hewa huuchoka. Bado ndiyo njia inayodumu.

Jimbo la Washington linatoa ushahidi wa upande mwingine. Soko lake lilianza 2023, na Novemba 2024 wapiga kura waliulizwa kama walitaka lifutwe. Walikataa kwa wingi mkubwa, ingawa bei ya petroli ilikuwa hoja kuu ya waliotaka lifutwe. Watu hukubali kulipa wanapoona fedha zimekwenda wapi.

Linavyotugusa Afrika Mashariki

Kwetu, mtu akisikia biashara ya hewa ukaa hufikiria misitu na mikoko. Mradi wa Mikoko Pamoja huko Gazi, Kwale, umekuwa ukiuza hati za kaboni tangu mwaka 2013, na Tanzania na Kenya zimeweka kanuni za biashara hiyo. Ni muhimu kuvitenganisha vitu viwili. Hati ya mikoko huthibitisha kwamba mahali fulani kaboni imehifadhiwa. Kibali cha RGGI ni sehemu ya jumla iliyowekewa kikomo na sheria, na jumla hiyo hupungua kila mwaka. Hati inategemea mnunuzi wa mbali mwenye hiari, ilhali kibali kinamlazimisha mchafuzi wa nyumbani. Mpango wa RGGI uliruhusu hati za nje kwa asilimia 3.3 tu ya wajibu wa mtambo, ili watu wasinunue njia ya kuukwepa mzigo wao.

Kanda yetu hutoa hewa ukaa kidogo sana kutokana na umeme, na Kenya hupata sehemu kubwa ya umeme wake kwenye mvuke wa Olkaria na vyanzo vingine visivyochoma chochote. Hatuhitaji leo kuiga mnada wa New York. Lakini gridi zetu zinaunganishwa kuvuka mipaka, na siku nchi moja itakapoweka bei ya hewa ukaa huku jirani yake akijenga mtambo wa makaa, swali la Pennsylvania litakuwa swali letu. Ni heri kanuni za hesabu za pamoja ziandikwe kabla ya mitambo hiyo kujengwa.

Hukumu

Baada ya miaka hii yote, RGGI inatosha kuthibitisha kwamba majimbo yanaweza kupunguza hewa ukaa bila kuisubiri serikali kuu, na kwamba uchumi wa majimbo hayo haukuanguka kwa kufanya hivyo. Inathibitisha pia kwamba ujanja wa soko hauwezi kuchukua nafasi ya uamuzi wa kisiasa. Kati ya 2009 na 2013 mnada ulikuwa umekamilika kwa kila kitu isipokuwa kikomo chenye meno, na msukumo wa bei ukawa hafifu. Kikomo kilipobana, chombo kilekile kikaanza kufanya kazi.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama mpango wowote wa namna hii ni wa kweli asianze na bei ya vibali. Aulize kwanza kama kikomo kiko chini ya hewa inayotolewa leo, na kama kimepangiwa tarehe ya kupitiwa upya. Aulize umeme unaovuka mpaka unahesabiwa vipi. Aulize bunge limeamua nini kuhusu kila dola ya mnada, na nani anakagua. Mpango wenye majibu ya maswali hayo unastahili kutetewa hata bili inapopanda kidogo, na unaoyakwepa haustahili fedha ya mwananchi, hata mnada wake ukiwa wa kisasa namna gani.